Mwaka Mama Alipoitwa Mama Zai

Zaituni alikuja kunipa pole ya msiba wakati watu wengine wote walikwisha kunipa na kusahau. Arobaini ya mama ilikuwa imepita, turubai na masufuria ya kuazima yamerudi kwa wenyewe, nami nilikuwa nimeanza kuzoea kusonga ugali wa mtu mmoja. Alishuka kwenye basi akiwa amevaa baibui na raba nyeupe, miguu imevimba kwa safari ya siku mbili kutoka Tanga, akanikumbatia pale pale stendi na kuangua kilio. Alilia kwa sauti kama mtoto aliyeachwa, watu wakageuka kutazama, na kijana mmoja wa bodaboda akaniuliza kwa upole, "Pole sana mama. Huyu mwenzio kafiwa na nani?" Nikamjibu kwamba aliyefiwa ni mimi. Nilimjibu kwa ukali ambao yule kijana hakustahili. Nina miaka karibu sitini, nina wajukuu wanne, na nilikuwa nimesimama katikati ya stendi ya Songea nikimwonea wivu mwanamke mzee kwa sababu ya machozi yake.

Asubuhi yake, tulipomaliza chai na mihogo ya kuchemsha, nilidhani ataomba nimpeleke makaburini. Akasema makaburini tutakwenda jua likipoa. "Nipeleke kwanza kwenye ukumbi wetu, Conso." Ukumbi wetu. Mimi hadi leo mahali pale napaita kanisani, ingawa Misa ya mwisho ilisomwa kabla wanangu hawajazaliwa. Tukaenda kwa miguu, polepole, tukipumzika kila alipotaka. Mlangoni kulikuwa na mlinzi aliyetaka kujua tunakwenda wapi, na ndani wasichana wanane waliovaa suruali za kubana walikuwa wakifanya mazoezi ya kucheza kwa muziki wa spika kwa ajili ya harusi ya Jumamosi. Kuta zimepakwa rangi ya zambarau. Madirisha yale marefu yaliyochongoka juu yamewekewa vioo vya kuteleza. Zaituni alitembea moja kwa moja hadi mbele, akapanda vile vidaraja vitatu kwa kushikilia goti, akageuka kutazama ukumbi, kisha akafumba macho. Wasichana wakapunguza muziki bila kuambiwa. Hakuimba. Alisimama tu, dakika moja hivi, na mimi nikiwa chini yake, kwenye sakafu, nikajikuta nimekunja ngumi kama nilivyozikunja mwaka ule.

Ulikuwa mwaka mmoja katika miaka ya ruksa. Maduka ya Songea, ambayo nilikuwa nimeyazoea yakiwa na viberiti na majani ya chai peke yake, yalikuwa yamejaa sabuni za harufu, betri, na vitambaa vya kung'aa, na mitumba ilikuwa inafunguliwa kwa marobota pale sokoni huku wanawake wakigombania magauni. Kila kitu kilikuwa kinaruhusiwa na kila mtu alikuwa anapunguzwa kazi. Mimi nilikuwa karani katika chama kimoja cha wakulima wa tumbaku, nikaitwa siku moja pamoja na wenzangu kumi na mmoja, tukashukuriwa kwa utumishi wetu, tukaambiwa tusirudi. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Nikarudi kukaa kwa mama, mtaa wa Bombambili, kwenye chumba changu cha utotoni, nikalala mchana na kuimba kwaya siku za Alhamisi na Jumapili. Kwaya ndiyo ilikuwa heshima yangu iliyobaki. Nilikuwa muimbishaji wa sauti ya kwanza, na watu walisema nikiimba zaburi hata watoto wanaacha kulia.

Mwaka huo huo tuliacha kanisa la zamani. Jipya lilikuwa limekamilika ng'ambo ya barabara, kubwa, lenye bati la rangi na sakafu inayoteleza. La zamani lilikuwa dogo, la matofali ya kuchoma, na kila mvua ilipopiga katekista alikuwa anasogeza madumu kukinga matone. Jumamosi moja paroko alikuja akachukua Ekaristi, akazima taa nyekundu, mafundi wakang'oa jiwe la altare, kisha akatugeukia na kusema, "Kuanzia leo hapa ni nyumba tu." Wanawake kadhaa walilia. Mama hakulia. Alikuwa amefua na kupiga pasi vitambaa vya altare ile kwa miaka mingi kuliko umri wangu. Alivikunja kwa mara ya mwisho, akavipakata kifuani, akavuka navyo barabara kwenda kanisa jipya kana kwamba anahamisha mtoto aliyelala. Halmashauri ikalichukua jengo na kutundika kibao cha Ukumbi wa Utamaduni. Kiti cha kitubio wakakitoboa dirisha, kikawa kibanda cha kukatia tiketi. Sakristia ikawa chumba cha kubadilishia nguo. Roshani ya kwaya, pale nilipojifunzia kuimba nikiwa na miaka minane, wakaweka maspika.

Kisha akaja afisa utamaduni msaidizi, mwanamke, kutoka Pangani, akitafuta chumba cha kupanga. Mwalimu mmoja jirani yetu akamleta kwa mama. Nakumbuka alivyosimama uani na begi lake la turubai, mtandio umemteleza hadi mabegani, akapiga goti nusu na kusema, "Shikamoo mama. Mimi naitwa Zaituni. Nimeambiwa hapa kuna chumba na kuna mama." Mama akacheka. Nilijua kicheko kile, kilikuwa adimu. Kiswahili cha Zaituni kilitoka kinywani kama maji yanayomiminwa, hakitafuti neno wala hakirudii neno, na cha kwangu, ambacho nilikuwa nimekipatia alama nzuri shuleni, ghafla nikakisikia kilivyo kizito na cha kushonwa viraka. Alikuwa na miaka ishirini na sita. Mama akampa chumba cha mbele, chenye dirisha la barabarani, ambacho mimi nilikuwa nimeomba nihamie tangu nilipopunguzwa kazi.

Siku ya tatu mama alikwenda sokoni akarudi na chungu kipya na sufuria mpya. "Mwenzetu ni Mwislamu," akaniambia. "Vyombo vyetu vimepikiwa nguruwe Krismasi." Kuku akitaka kuchinjwa, mama alimtuma mtu amwite jirani Mwislamu aje kuchinja, na hilo sikuliona baya. Kilichoniuma ni kwamba mle kwenye sufuria mpya vilianza kupikwa vitu ambavyo mimi sikuwa nimevila miaka. Dagaa wa Nyasa kwa karanga zilizopondwa. Mboga ya majani ya maboga yaliyochumwa machanga na kuondolewa nyuzi, jani moja moja. Zaituni alikula kwa mkono, akifumba macho, na kila alipomeza alisema, "Mama, alhamdulillah, hii unaweka nini ndani?" Na mama akaeleza, tangu mwanzo, kwa mapozi, kama mtu aliyesubiri swali hilo maisha yake yote. Mimi nilikuwa nakula chakula kile kile, kwenye mkeka ule ule, na sikumbuki kama niliwahi kuuliza chochote kuhusu karanga.

Kazi ya Zaituni ilikuwa kukusanya ngoma. Ukumbi ulikuwa umepatikana, mkoa ulitaka kikundi cha kuujaza, na yeye alizunguka vijijini kwa baiskeli ya ofisi, akirudi na vumbi hadi kwenye kope na daftari limejaa. Lizombe, ile ngoma ya Wangoni, alilipata upesi, kwa kuwa wanaume wa lizombe hawasubiri kubembelezwa. Nyimbo za wanawake ndizo zilimsumbua. Wanawake aliowafuata Mpitimbi walimtazama, wakamwambia hawana wimbo, wakaendelea kupalilia. Aliporudi na kusimulia hayo huku akijicheka, mama aliacha kuchambua maharage. "Mpitimbi ndiko nilikotolewa mimi," akasema. "Hawakukatalii. Hukukaa chini. Mtu wa kuuliza wimbo anakaa chini kwanza, anashika jembe."

Tangu siku hiyo walishikana. Mchana mama alikuwa akimfundisha Kingoni huku wakipepeta, na Zaituni alijifunza haraka kiasi cha kutisha. Jumapili moja, tukitoka Misa, muuza nyanya mmoja wa pale njia panda, mwanamke aliyenijua tangu ninanyonya, akapaza sauti: "Mama Zai! Mama Zai, njoo nikuwekee mafungu mazuri!" Nikageuka kumtafuta huyo Mama Zai. Mama yangu akaitika. Aliitika bila kusita, akavuka barabara kuelekea kwenye nyanya. Maisha yangu yote mama alikuwa Mama Conso. Jina lake la ubatizo walilijua paroko na mimi tu. Mtaani alikuwa anaitwa kwa jina langu, na kila aliyemwita alikuwa ananitaja mimi. Nilibaki nimesimama na kitabu changu cha nyimbo mkononi, nimevaa sare ya kwaya. Nilipomuuliza nyumbani akashangaa. "Ni watu tu wanatania. Jina linachukua nini kwako?"

Sasa nifike kwenye wimbo. Jiko letu lilikuwa nyumba ya peke yake uani, ya miti na udongo, na ukuta wake wa nyuma ulikuwa na ufa karibu na banda la kuku. Alasiri moja ya Juni, baridi imeshuka kutoka milima ya Matogoro, nilikuwa nyuma ya jiko nikiokota mayai, nikamsikia mama akiimba. Hakuwa akiimba wimbo wa kanisa. Sauti ilikuwa ya chini, ya ndani, inakwenda hatua mbili na kusimama, kama mtu anayetembea akigeuka. Ulikuwa Kingoni, na ingawa Kingoni chenyewe nilikisikia vizuri kuliko nilivyokisema, nilielewa kwamba mama fulani anamwambia binti yake asigeuke nyuma, kwamba mlango alioutoka hautahama. Nikaacha kuokota mayai.

"Na wakifika mlangoni, mama, anaanza nani?" Ilikuwa sauti ya Zaituni, na kalamu yake nilikuwa naisikia ikikwaruza.

"Mama mzazi. Wengine wote wananyamaza. Hata ngoma inanyamaza. Unaimbwa mara moja tu, binti anapotolewa nyumbani kwenda kwa mume. Baada ya hapo hauimbwi tena mpaka utoe binti mwingine."

"Na binti anajibu?"

"Anajibu nini? Analia tu."

Wakacheka wote wawili.

"Wewe uliimbiwa?"

"Niliimbiwa. Asubuhi, umande bado upo. Mama yangu sauti ilimkatika katikati, shangazi yangu akamalizia."

"Na Conso anaujua?"

Nikasikia mwiko ukigonga ukingo wa chungu, mara moja, mara mbili.

"Conso ni mtu wa kwaya," akasema mwishowe. Kisha wakaanza tena toka mwanzo, mama akitangulia, Zaituni akifuata.

Nilikuwa na mayai matano kwenye upindo wa kanga, nikayaminya mawili bila kujua. Mimi nilikuwa bintiye wa pekee. Kama kuna mtu duniani wimbo ule ulimngoja, ni mimi, na hapo nikausikia ukigawiwa kwenye sufuria mpya kama dagaa. Ni leo tu, uzeeni, naweza kuandika jambo ambalo siku ile sikutaka kulikumbuka: nilipokuwa kidato cha pili, mama alikuwa akiimba kitu cha namna ile akisaga, na rafiki zangu wa shule wapo sebuleni, nikatoka kwenda kumwambia, "Mama, hizo nyimbo za kilabuni waimbie walevi." Akanyamaza. Akanyamaza miaka minane.

Wiki iliyofuata nilikwenda mwenyewe ukumbini. Nilikuwa sijaingia tangu taa izimwe. Nilipita kwenye kile kiti cha kitubio, kilichokuwa kitupu siku ya mazoezi, na mkono wangu ukatafuta kibakuli cha maji ya baraka ukaambulia ukuta. Kwenye ukuta wa mbele matundu manne ya misumari ya msalaba yalikuwa bado hayajazibwa. Wapigaji ngoma walikaa kwenye vidaraja, mmoja anakula muhogo. Zaituni alikuwa amesimama pale pale aliposimama padre, kanga kiunoni, na alikuwa anauimba. Kwa mdomo wa Kipangani, kwa sauti yenye mawimbi ya kwao, wimbo wa Mpitimbi. Ulikuwa mzuri. Hapo ndipo pabaya zaidi pa habari yote hii. Kama angeuharibu ningemsamehe. Kwenye benchi la mbele, lile la wazee wa kanisa, aliketi mama yangu, amepanua magoti, viganja juu ya mapaja, anahesabu pigo kwa vidole. Zaituni alipokosea neno mama alipaza sauti kumsahihisha, na wote wakacheka, na mama akacheka akiwa ameinua uso juu kabisa, kwenye dari lile lenye madoa ya mvua. Miaka yote niliyoimba zaburi kule juu roshani, mama alinisikiliza ameinamisha kichwa. Nilikuwa nadhani ni sala.

Pembeni mwa benchi kulikuwa na mtungi wa togwa ambao mama alikuwa ameuandaa kwa ajili ya waimbaji. Ulikuwa umewekwa siku mbili chini ya kitanda changu, kwa kuwa chumba changu ndicho kilichokuwa na joto. Nilinywa togwa lile mwenyewe asubuhi. Lilikuwa tamu na halina kilevi chochote, hata mtoto angekunywa.

Siku ya pili nilikwenda kwa Mama Editha. Huyu ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa akina mama wa parokia, mwanamke mwenye msimamo na mwenye huruma pia, aliyeamini kwamba kila kitu kikianza kuruhusiwa nje, lazima ndani tubane zaidi. Sikumwambia nina wivu. Nilimwambia nina wasiwasi. Nilisema mama anafundisha mambo ya jadi pale palipokuwa altare, anamfundisha mtu asiye wa dini yetu, na kwamba kuna mtungi wa pombe umeandaliwa chini ya kitanda changu bila ridhaa yangu na kupelekwa kule ndani. Nilisema pombe. Neno moja. Mama Editha akanishika mkono akasema, "Mwanangu, najua imekuuma kuja kusema." Nikalia, na machozi yalikuwa ya kweli, ila hayakuwa ya jambo alilolidhani.

Walikuja watatu, siku ya Jumatano, paroko akiwa likizo. Waliketi sebuleni kwenye viti vyenye vitambaa vya kufuma, wakakataa chai. Mimi nilisimama mlangoni pa chumba changu, nusu ndani nusu nje. Mama aliwasikiliza hadi mwisho. Wimbo hakuukana. "Nimeufundisha. Kama ni dhambi padre ataniambia." Walipofika kwenye pombe akashtuka. "Pombe gani? Lile lilikuwa togwa."

"Mama Conso," alisema Mama Editha, na jina langu lilipita sebuleni kama kofi, "tumeambiwa ulilificha chini ya kitanda cha binti yako, hata yeye hana amani."

Mama aligeuza shingo, taratibu, akanitazama. Hakukuwa na mtu mwingine duniani aliyejua mtungi ule ulilala wapi. Zaituni alidhani ulikuwa jikoni. Mama alinitazama kwa muda ambao mtu hutazama kitu ili ahakikishe ni chake, halafu akainuka, akaingia chumbani kwake, akarudi na kile kikapu cha vitambaa vya altare, vyote, vilivyofuliwa na visivyofuliwa, akakiweka magotini mwa Mama Editha. "Nadhani mmefuata hiki," akasema. Walikuwa hata hawajakitaja.

Zaituni aliamini kosa ni lake. Alipiga magoti jikoni akamwomba mama radhi, akasema ataenda kuwaeleza wale akina mama, mama akamkataza. Mwisho wa wiki akahama, akapata chumba upande wa pili wa mji ili maneno yapoe. Kabla hajaondoka alinifuata uani, akanishika mabega. "Mdogo wangu, nimekuharibia nyumba. Nisamehe." Nikamwambia nimemsamehe. Ndiyo, nilimwambia hivyo, bila aibu. Mama akajitwika begi la Zaituni kichwani akamsindikiza, nami nikawatazama wakipungua barabarani, mmoja anaongea, mwingine anatikisa kichwa. Nilikuwa nimeshinda, nikahamia chumba cha mbele jioni ile ile. Kilikuwa kinanukia udi.

Siku ya onyesho nilikwenda. Nilikata tiketi kwenye kiti cha kitubio, kutoka kwa kijana aliyekaa mahali pa padre, na kama ungekuwa moyo mwingine ungenisuta pale pale. Ukumbi ulifurika hadi madirishani: wakubwa wa mkoa, wafanyabiashara, walimu, watu wa Mpitimbi walioletwa kwa lori. Lizombe lilipigwa vumbi likatoka sakafuni. Zaituni aliimba nyimbo sita, na watu walimtunza kanga na noti. Nilisubiri wa saba. Haukuja. Hakuuimba, wala hakuutaja, na kwenye benchi la mbele kulikuwa na nafasi moja tupu ambayo hakuruhusu mtu yeyote aikalie. Nilikuwa nimekwenda nikiwa tayari kuteseka kwa kuusikia, na nilivyorudi nyumbani niligundua nimeteseka zaidi kwa kuukosa.

Vile vitambaa, Mama Editha alinipa mimi. Alisema nimeonyesha uaminifu. Nikavileta nyumbani kwa mama, sikuwa na nyumba nyingine, nikavifua, nikavitia wanga, na siku ya kupiga pasi nikawasha mkaa uani huku yeye amekaa kizingitini anachagua mchele. Cha kwanza nilikiunguza. Alama ya pasi ikabaki katikati, ya rangi ya chai. Nilikaa nikiitazama, nisijue pa kuificha. Mama akaweka ungo chini, akaja, akachukua pasi mkononi mwangu, akanyunyiza maji kwa vidole, akapitisha pasi kutoka nje kwenda katikati, nyepesi, kama anafuta uso wa mgonjwa. "Hivi," akasema. "Unaanzia pembeni." Akapiga viwili, akanirudishia pasi. Nikadhani ameshamaliza, lakini alibaki amesimama nyuma yangu.

"Uliniuliza nini wewe, Conso, nikakunyima?"

Nilikuwa na majibu mengi. Chumba cha mbele. Sufuria. Jina. Yote yalikuwa ya kitoto, na moja tu halikuwa la kitoto, nalo sikuwa nimeliuliza. Nikaendelea kupiga pasi. Akarudi kwenye mchele wake.

Paroko aliporudi akacheka habari ya togwa, akamwambia mama arudi kwenye kazi yake. Mama akasema macho yamechoka. Zaituni alihamishwa mwaka mpya ulipoanza. Mimi niliolewa miaka miwili baadaye, na asubuhi ya kutolewa nilisimama mlangoni na shela langu, ngoma nje, shangazi zangu wamejipanga, nikamtazama mama. Ngoma ilinyamaza kidogo. Sijui kama ni wao walinyamaza au ni masikio yangu. Mama alikuwa karibu kiasi kwamba niliona mdomo wake umefunguka. Ningesema neno moja tu. Alingoja, najua alingoja. Kisha akanyoosha mkono akaniweka shela sawa, na kwaya ikaanza wimbo wa Bikira Maria.

Aliishi miaka mingi baada ya hapo, tulipatana, nilimuuguza mwenyewe, na alikufa mkono wake ukiwa ndani ya wangu. Sikuwahi kuuliza.

Tulipotoka ukumbini siku ile na Zaituni tulirudi nyumbani, tukaketi kwenye kibaraza, nikamletea machungwa. Nilimwambia nikiwa natazama uani. "Dada Zai, aliyepeleka maneno kwa Mama Editha ni mimi. Na lile neno la pombe ni langu."

Aliendelea kumenya. "Najua."

"Nani alikuambia?"

"Mama mwenyewe. Siku ile ananisindikiza. Tulipofika kalvati, akatua begi, akaniambia aliyefanya ni Conso, usimchukie, ana njaa. Nikamwambia, mama, njaa ya nini na tunakula naye? Akasema, si ya tumbo."

Miaka yote hii nilikuwa nimelifunga lile kosa peke yangu, nikidhani angalau hilo lilikuwa siri yangu na mama, jambo moja ambalo Zaituni hakushirikishwa. Kumbe hata hilo walikuwa nalo wawili. Nilimtazama akitoa mbegu za chungwa na kuzipanga kwenye sahani, na wivu ulinipanda upya, mzima, hauna hata mvi.

"Ule wimbo unaukumbuka?" nikauliza.

"Beti tatu."

"Ulikuwa na beti ngapi?"

"Nne." Akaifuta mikono kwenye baibui. "Ya nne hakunipa. Nilimbembeleza, Conso, nilimletea hata zawadi. Akasema hiyo ya mwisho ni ya mwanangu. Akiniuliza, nitampa." Kisha akainua uso, na nikaona kwamba alikuwa amesafiri siku mbili akiwa na swali lake mwenyewe. "Si alikupa?"

Nikatikisa kichwa. Zaituni alijishika mdomo. Kuku walipita mbele yetu, mtoto wa jirani akaita mwenzake, na sisi wanawake wawili tukakaa na wimbo ambao hakuna mtu aliye hai anaujua hadi mwisho.

"Nifundishe hizo tatu," nikasema.

Hakuringa. Alisogeza kiti, akakohoa, akaanza kwa sauti iliyochakaa lakini haijapotea njia, hatua mbili na kusimama. Nikamfuata. Kwenye mstari wa pili akainua kidole. "Hapana, mdogo wangu. Umelikata neno. Mama alilivuta." Nikajaribu tena. "Hapana. Sikiliza kwanza." Mwanamke wa Pangani, kwenye kibaraza cha mama yangu, ananisahihisha Kingoni. Uso ulinichoma hadi masikioni. Nikameza mate, nikasikiliza kwanza, kisha nikarudia.